Kibali Kabla ya Godoro
Somo la robo hii: nyumba inayolea watoto wa majirani na taratibu za kuifanya kituo halali



Kila mwaka tunapokea maombi kutoka kamati za parokia ambayo yanafanana sana. Yuko mama katika jumuiya yetu, kamati huandika, anayelea watoto wa majirani nyumbani kwake wakati wazazi wao wako kazini. Je, mnaweza kutusaidia ili nyumba yake iwe kituo? Jibu letu ni ndiyo. Lakini tunaomba kila kamati isome somo hili kabla ya kununua hata kikombe kimoja, kwa sababu sisi wenyewe tuliwahi kujibu ndiyo kwa haraka, na watoto 17 walilipa gharama ya haraka yetu.

Somo hili linahusu Tanzania Bara. Ndugu zetu wa Zanzibar wana Sheria yao ya Watoto, Na. 6 ya 2011, kwa hiyo waanzie katika ofisi za huko. Mwishoni yapo maswali ya kujadili katika kikao cha kamati.

Yaliyotupata

Miaka kadhaa iliyopita, katika parokia moja iliyo pembezoni mwa jiji, tulikutana na mama aliyekuwa akilea watoto 9 katika nyumba ya kupanga yenye vyumba viwili na ukumbi. Wazazi wa watoto hao walikuwa wauza mboga, mama lishe, mafundi cherehani na kondakta mmoja wa daladala. Walimlipa kwa siku, na siku biashara ikiwa mbaya walimlipa kwa mchele au sabuni. Watoto walikuwa wasafi, wanakula, na wanampenda. Kamati ikatuletea andiko la mradi la kurasa mbili.

Tulinunua magodoro 20, vikombe, sahani, mikeka, ndoo zenye koki na vifaa vya kuchezea. Tulipaka ukuta rangi ya njano na kutundika kibao. Tulipiga picha. Katika taarifa yetu kwa wafadhili tuliandika kwamba kituo kimefunguliwa na kinahudumia watoto 17. Yote hayo yalikuwa kweli.

Mwezi wa tano jirani mmoja alilalamika kwa mtendaji wa mtaa. Alisema bajaji na pikipiki zinaziba njia kila asubuhi, na kelele hazimpi nafasi ya kulala, maana yeye ni mlinzi wa usiku. Mtendaji akaja pamoja na afisa ustawi wa jamii na afisa afya. Waliuliza maswali manne. Leseni iko wapi? Mwenye nyumba ameridhia kwa maandishi? Choo hiki kinatumiwa na watu wangapi? Na hili jiko la mkaa, mvua ikinyesha linakaa wapi?

Maswali matatu ya kwanza hatukuwa na jibu. La nne tulikuwa nalo, na ndilo lililotuumiza zaidi. Mvua ilipokuwa ikinyesha, jiko liliingizwa ukumbini, hatua mbili tu kutoka mlango wa chumba walimolala watoto, na chumba hicho kilikuwa na dirisha moja dogo.

Kituo kilifungwa siku hiyo hiyo, Jumanne, saa nne asubuhi. Wazazi walipigiwa simu mmoja mmoja. Mama mmoja alimchukua mwanawe akaenda naye sokoni, akamlaza chini ya meza ya nyanya. Mwingine alimwachisha shule binti yake wa darasa la tatu kwa wiki mbili ili amwangalie mdogo wake. Mlezi wetu alipoteza kipato chake, na mtaani wakaanza kusema kwamba alikuwa anaendesha kitu cha haramu. Wakati ule hatukuliandika hilo katika taarifa yoyote. Tunaliandika sasa.

Mwanzoni tuliwakasirikia maafisa. Tulipotulia tulikubali kwamba walikuwa na haki. Mkaa unaowaka mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa gesi yenye sumu isiyo na harufu wala rangi, na mtoto aliyelala hawezi kujua kwamba anaivuta. Afisa aliyeuliza jiko linakaa wapi aliwalinda watoto wale kuliko sisi tulionunua magodoro.

Hata hivyo kuna upande wa pili, nao hatuwezi kuunyamazia. Kufunga mlango hakukumlinda mtoto aliyelala chini ya meza sokoni, wala binti aliyekosa shule. Taratibu zinamlinda mtoto pale tu anapokuwepo mtu wa kumsaidia mlezi kuzifikia. Kazi hiyo ndiyo tunayoiomba kamati ya parokia ifanye.

Kwa nini nyumba ya jirani?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama aliyeajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, au siku 100 akijifungua watoto zaidi ya mmoja kwa mara moja. Akirudi kazini anaruhusiwa muda wa kunyonyesha hadi saa 2 kwa siku. Siku 84 hazifiki miezi mitatu. Mtoto huyo hataingia darasa la awali mpaka miaka mingine ipite. Na hapo tunamzungumzia mwenye mkataba wa kazi. Mama lishe, mbeba kokoto na muuza dagaa hana siku hata moja ya likizo anayolipwa.

Zamani bibi au shangazi alikuwa jirani. Siku hizi bibi yuko kijijini, na wapo wanaomwachia mtoto msichana wa kazi ambaye mara nyingine naye ni mtoto. Ndiyo maana nyumba ya jirani inayolea watoto watano, kumi au kumi na tano imekuwa jambo la kawaida katika mitaa yetu. Haikuanzishwa na mradi wala haisubiri mradi. Iko karibu, mzazi anamfahamu mlezi, na malipo yanafuata mfuko wa mzazi.

Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Mtoto wa 1989, ambao Tanzania iliuridhia 1991, unayaweka mambo mawili pamoja. Kifungu cha 18 kinataka watoto wa wazazi wanaofanya kazi wapate huduma za malezi. Kifungu cha 3 kinataka huduma hizo zifuate viwango, hasa vya usalama, afya, na idadi na sifa za walezi. Wengi wetu hushika kimoja tukaacha kingine. Mwenye huruma hutaka huduma bila kujali viwango, na mwenye cheo hutaka viwango bila kujali kama huduma itabaki. Mtoto anahitaji vyote viwili.

Mlango wa kwanza: usajili na leseni

Tanzania Bara ina sheria ya vituo hivi tangu 1981. Sheria ile, Na. 17 ya 1981, ilifutwa na Sheria ya Mtoto, Na. 21 ya 2009, ambayo ilikusanya mahali pamoja mambo ya matunzo, kuasili, makao ya watoto na vituo vya mchana. Jina rasmi la huduma tunayoizungumzia ni kituo cha kulelea watoto wadogo mchana. Anayetaka kuendesha kituo cha namna hiyo huomba kwa Kamishna wa Ustawi wa Jamii, na tangu Januari 2022 kazi za ustawi wa jamii ziko katika Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum. Lakini safari ya maombi huanzia chini, kwa serikali ya mtaa au kijiji na kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri.

Tumeona makosa matatu ambayo kamati huyarudia.

La kwanza ni kudhani kwamba barua ya mwenyekiti wa mtaa ni leseni. Barua hiyo ni utambulisho. Inasema kwamba mama huyu ni mkazi wetu na tunamfahamu. Haisemi kwamba nyumba yake imekaguliwa.

La pili ni kuchanganya kituo na shule. Shule ya awali iko chini ya wizara inayoshughulikia elimu, nayo ina taratibu zake za usajili. Kituo cha kulelea watoto wadogo kiko chini ya ustawi wa jamii. Kamati ikiandika neno "shule" kwenye kibao kwa sababu linavutia wazazi, imejiitia ofisi nyingine na masharti mengine. Andikeni kile mnachokifanya.

La tatu ni kudhani kwamba kwa kuwa mama hatozi ada, au anatoza kidogo, basi jambo hilo halimhusu afisa. Jiko la mkaa halijui kama mtoto amelipiwa. Kamati iulize mapema, hata kama watoto ni wachache, nyumba hiyo inahesabiwaje na inatakiwa kutimiza nini. Ni afadhali kuuliza na kuambiwa bado, kuliko kunyamaza na kufungiwa.

Tunawaomba pia mbadilishe namna ya kumtazama afisa ustawi wa jamii. Sheria ya Mtoto inaipa serikali ya mtaa wajibu wa kulinda na kuendeleza ustawi wa watoto walio katika eneo lake. Maana yake ni kwamba mnapokwenda ofisini hamuendi kuomba hisani. Mnakwenda kumsaidia afisa kutimiza wajibu wake. Afisa mmoja huwa na kata nyingi na usafiri wa shida. Kamati inayofika na maelezo yaliyoandikwa vizuri humrahisishia kazi.

Mlango wa pili: matumizi ya ardhi

Huu ndio mlango uliosahaulika. Hata mlezi mwenye sifa zote anaweza kukwama kwa sababu ya mahali nyumba ilipo.

Katika eneo lililopangwa, kila kiwanja kina matumizi yake: makazi, biashara, viwanda, ibada, huduma za jamii na kadhalika. Hati ya kumiliki ardhi hutaja matumizi hayo, na Sheria ya Ardhi, Na. 4 ya 1999, imeweka utaratibu wa kuomba kuyabadilisha. Sheria ya Mipango Miji, Na. 8 ya 2007, inataka kibali cha mamlaka ya upangaji, yaani halmashauri ya jiji, manispaa au mji, kabla ya kuendeleza ardhi. Kubadilisha matumizi ya jengo ni sehemu ya kuendeleza. Kwa hiyo mtu anaweza asijenge hata tofali moja na bado akawa amefanya jambo linalohitaji kibali.

Kamati nyingi zitajikuta katika mojawapo ya hali hizi.

Nyumba iliyo kwenye kiwanja kilichopimwa cha makazi. Hapa swali ni ukubwa wa shughuli. Familia inayoendelea kuishi ndani ya nyumba yake na kulea watoto wachache mchana si sawa na nyumba ambayo familia imehama na vyumba vyote vimejazwa watoto 40. Mwandikieni afisa mipango miji wa halmashauri, mweleze idadi ya watoto, saa za kazi na kwamba familia inaishi humo, kisha ulizeni kama kibali cha kubadili matumizi kinahitajika. Ombeni jibu la maandishi na mlihifadhi.

Nyumba iliyo katika eneo lisilopimwa. Watu wetu wengi wa mijini wanaishi hapa. Wengine wana leseni ya makazi, ambayo Sheria ya Ardhi ya 1999 iliiweka na ambayo ilitolewa kwa wingi Dar es Salaam kuanzia katikati ya miaka ya 2000. Leseni hiyo ni ruhusa ya muda ya kukaa mahali hapo. Tusiichanganye na hati, wala na leseni ya kituo. Eneo likiwa halina ramani ya mipango miji, mtendaji wa mtaa na majirani wana uzito mkubwa zaidi. Na zoezi la urasimishaji likija mtaani kwenu, kamati ihudhurie mikutano yake. Hapo ndipo michoro huandaliwa na ndipo mnaweza kuomba njia, eneo la wazi na huduma za watoto vikumbukwe. Mchoro ukishapitishwa, kuubadilisha ni kazi ngumu.

Ukumbi au kiwanja cha parokia. Kamati hufikiri kwamba tukihamishia watoto ukumbini tumemaliza tatizo. Someni hati kwanza. Kiwanja kinaweza kuwa kimetolewa kwa ajili ya ibada tu, na ukumbi uliojengwa kwa ajili ya mikutano ya watu wazima unaweza usiwe na choo anachoweza kukitumia mtoto wa miaka miwili. Tena ukumbi ulio mbali unamwondolea mzazi faida ya jirani.

Nyumba iliyo bondeni. Hapa hatuna ushauri wa kuzunguka. Sheria ya Ardhi inaihesabu ardhi iliyo ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto kuwa miongoni mwa ardhi inayoweza kutangazwa kuwa ya hatari. Waliokuwa Dar es Salaam Desemba 2011 wanakumbuka jinsi maji yalivyoingia katika nyumba za mabondeni, watu wakapoteza maisha, na familia nyingine zikahamishiwa Mabwepande. Msiweke kundi la watoto mahali ambapo maji yakija usiku watu wazima wenyewe hukimbia.

Wenzetu wamefanyaje?

Tatizo hili si letu peke yetu, na inafaa kutazama nje kidogo. Jirani zetu Kenya, katika Katiba yao ya 2010, waliweka vituo vya kulelea watoto miongoni mwa kazi za serikali za kaunti, pamoja na upangaji wa ardhi na leseni za biashara. Kwa hiyo ofisi zinazomhusu mlezi ziko chini ya paa moja, angalau kwenye katiba. Kaunti ya Nairobi ilitunga sheria yake ya vituo vya kulelea watoto mwaka 2017.

Mbali zaidi, jimbo la California nchini Marekani lina historia ndefu ya malezi ya nyumbani yenye leseni. Huko nyumba ndogo inaweza kulea hadi watoto 8 na nyumba kubwa hadi watoto 14, kwa masharti. Kwa miaka mingi nyumba ndogo ilihesabiwa kuwa makazi ya kawaida, lakini mlezi wa nyumba kubwa aliweza kudaiwa na mji wake kibali maalumu cha matumizi ya ardhi. Sheria iliyopitishwa 2019 na kuanza kutumika 1 Januari 2020 ilisema kwamba nyumba zote mbili ni makazi na miji isidai kibali hicho. Lakini haikuondoa leseni ya jimbo, wala ukaguzi wa usalama wa moto kwa nyumba kubwa. Mpangaji naye anatakiwa kumpa mwenye nyumba taarifa ya maandishi siku 30 kabla ya kuanza.

Hatusemi sheria hiyo ihamishiwe kwetu kama ilivyo. Tunachojifunza ni namna walivyoyatenganisha maswali mawili. Swali la kwanza, je, mtoto yuko salama? Hilo walilikaza. Swali la pili, je, nyumba inayolea watoto bado ni nyumba? Hilo walilijibu ndiyo mara moja kwa wote, ili kila mlezi asilazimike kulijibu peke yake mbele ya kila ofisi. Kamati zikipata nafasi ya kuzungumza na diwani, jambo hili linafaa kuzungumzwa. Baraza la madiwani likiweka utaratibu ulio wazi kwa nyumba zenye watoto wachache, walezi wengi watajitokeza badala ya kujificha.

Hatua tunazopendekeza

1. Mtembeleeni mlezi mara tatu bila taarifa, kwa saa tofauti, kabla ya kuahidi chochote. Angalieni jiko, choo, maji, shimo au kisima kilicho wazi, dawa na mafuta ya taa vinawekwa wapi, mlango unaotoka barabarani, na nani anabaki na watoto mlezi akienda dukani.

2. Zungumzeni na majirani wanaopakana na nyumba hiyo. Mlinzi wa usiku angesikilizwa mapema asingelalamika. Kubalianeni wapi bajaji zitasimama na watoto watacheza nje saa ngapi.

3. Pateni ridhaa ya mwenye nyumba kwa maandishi, na mkataba wa pango wenye muda wa kutosha. Mkarabati nyumba ya mtu kwa fedha za wafadhili, naye akiwatoa baada ya miezi sita, mmempa zawadi.

4. Pelekeni maelezo kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri na mumwombe orodha kamili ya masharti ya sasa, ikiwemo sifa za mlezi na idadi ya watoto kwa kila mlezi. Siku hiyo hiyo piteni kwa afisa mipango miji na swali la matumizi ya ardhi.

5. Mwombeni afisa afya aje kama mshauri kabla hajaja kama mkaguzi. Andikeni kila anachosema, na rekebisheni vile vinavyohusu uhai kwanza: moshi na moto, maji, choo, uzio.

6. Mpelekeni mlezi mafunzoni. Mapenzi kwa watoto ni msingi, lakini cheti hufungua mlango wa leseni. Kisangara, wilayani Mwanga, ni mojawapo ya mahali ambapo walezi wa watoto wadogo wamefundishwa kwa miaka mingi.

7. Fungueni daftari la mahudhurio, simu za wazazi, mtu aliyeruhusiwa kumchukua mtoto, na magonjwa au mzio wa mtoto. Daftari hili litaombwa siku ya ukaguzi, na litaokoa maisha siku isiyo ya ukaguzi.

8. Leseni ikishapatikana, ndipo mnunue magodoro, kwa idadi iliyoruhusiwa.

Neno kwa wafadhili wetu

Kwenu tunasema wazi. Godoro linapigwa picha, kibali hakipigwi picha. Ndiyo maana andiko letu la kwanza lilikuwa limejaa vifaa na halikuwa na mstari hata mmoja wa nauli za kwenda halmashauri, ada za maombi, mchoro wa nyumba, mafunzo ya mlezi, kibanda cha jiko wala tundu la choo. Tulijua kwamba vitu hivyo haviwafurahishi wasomaji wa taarifa. Tulikosea kwa kuwadhania hivyo bila kuwauliza.

Tangu wakati ule tunagawa bajeti ya kila nyumba katika sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni ya kuifikisha nyumba kwenye leseni, na hutolewa kwanza. Sehemu ya pili ni ya vifaa, na haitolewi mpaka ya kwanza imekamilika. Jambo hili linachelewesha. Linaweza kuchukua miezi mingi, na katika miezi hiyo taarifa yetu itasema kwamba hakuna kituo kilichofunguliwa. Tunaomba msituhesabie idadi ya watoto tu. Ulizeni pia wangapi kati yao wako katika nyumba iliyokaguliwa.

Na iko gharama ambayo hakuna bajeti inayoifuta. Mlezi wetu alifungua tena baada ya miezi minane. Jiko sasa lina kibanda chake nje, choo cha watoto kimejengwa, dirisha limepanuliwa, na mlinzi wa usiku amehamisha kitanda chake upande wa pili wa nyumba yake. Lakini baada ya kupima vyumba, watoto walioruhusiwa ni 12. Watano wa zamani hawakupata nafasi, na kamati ilibidi iwaeleze wazazi wao ana kwa ana. Wawili kati yao walipata mlezi mwingine, ambaye sasa naye anatembea njia hii hii. Watatu hatujui wako wapi. Tungeanza kwa kuuliza, tusingewaahidi watoto 17 nyumba yenye nafasi ya 12.

Maswali ya kujadili

1. Katika eneo la parokia yetu, ni nyumba ngapi zinazolea watoto wa majirani mchana? Nani kati yetu ameingia ndani ya mojawapo?

2. Je, tunamfahamu kwa jina afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yetu? Mara ya mwisho tulizungumza naye lini, na kuhusu nini?

3. Hati ya kiwanja chetu cha parokia inataja matumizi gani?

4. Kama afisa angefunga kesho nyumba moja inayolea watoto, wale watoto wangelala wapi mchana huo? Kamati ingefanya nini kabla ya jua kuzama?

5. Katika bajeti yetu ijayo, tumeweka nini kwanza, kile kitakachoonekana kwenye picha au kile kitakachomweka mtoto salama?

Kamati itakayojadili maswali haya tunaiomba ituandikie majibu yake kabla ya toleo lijalo, hata kama ni majibu ya aibu. Ya kwetu mmeyasoma.